Kutafuta kasoro iliyozaa ufa: mwongozo kamili kwa aliyeshika kipande cha aloi ya joto kali kilichovunjika

Tarehe 28 Oktoba 2016, Boeing 767 ya American Airlines ilikuwa inakimbia kwenye njia ya kurukia pale O'Hare, Chicago, kuelekea Miami, injini yake ya kulia ilipopasuka. Diski moja ya tabini, yaani gurudumu zito linaloshika mapanga yanayosukumwa na gesi moto, ilikatika vipande. Kimoja kilitoboa bawa kikaruka hadi kwenye bohari la vifurushi karibu mita 900 kutoka pale. Mafuta yakashika moto. Watu wote 170 walitoka hai, mmoja akiwa ameumia vibaya. Diski ile iliruhusiwa kutumika mizunguko 15,000 ya kuwashwa na kuzimwa, na siku hiyo ilikuwa imefikisha 10,984.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, waliifuata mistari ya uso uliovunjika hadi wakafika kwenye doa dogo lililokuwa ndani ya metali, mahali niobi, metali inayoipa aloi hii nguvu, ilipopungua na chembe za oksidi zilipojikusanya. Wanaoyeyusha aloi hizi, yaani michanganyiko ya metali, huliita doa jeupe chafu. Lilikuwamo tangu kinoo, yaani bonge la metali iliyoyeyushwa, kilipoganda tanurini, mwishoni mwa miaka ya 1990, na likafuliwa, likachongwa, likapimwa na kurushwa angani maelfu ya mara bila mtu kuliona.

Mwongozo huu ni wa kuirudia safari ile kinyumenyume: umeshika kipande kilichovunjika, unataka kujua ufa ulianzia wapi, kwa nini hapo, na kasoro hiyo iliingiaje. Usidhani ni habari ya Chicago tu. Injini iliyopasuka ni ya familia ya CF6-80C2, na mitambo ya gesi ya LM6000 inayofua umeme Kinyerezi I, Dar es Salaam, imezaliwa kutokana na injini hiyo hiyo. Hata gurudumu la upande wa moto kwenye tabo ya lori lako kwa kawaida ni aloi ya nikeli iliyomiminwa. Fundi wa gereji ya Ubungo aliyewahi kufungua tabo akakuta panga moja halipo ameshaiona mada hii kwa macho yake, ila labda hakuwa na muda wa kuiuliza maswali.

Jambo moja ulibebe tangu mwanzo: kila kipande cha aloi kina kasoro. Ukisema "nimekuta kasoro" hujasema kitu. Kazi ni kuonyesha kwamba kasoro hii, kwa ukubwa huu, mahali hapa, chini ya mkazo na joto hili, inatosha kuanzisha ufa.

Hatua ya 1: Usiguse

Kosa la kwanza hufanyika ndani ya dakika tano za mwanzo. Mtu akiokota vipande viwili, mkono wenyewe huvipeleka pamoja kuona kama vinaoana. Usifanye hivyo. Vilima vya uso wa mvunjiko vina kimo cha mikromita chache tu (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na ukivisugua mara moja umeshavilaza. Mimi nilipokuwa najifunza nilipewa panga lililovunjika, nikalikuta na weusi, nikaona ni uchafu nikalipitishia msasa laini ili "nione vizuri". Weusi ule ulikuwa oksidi, na ndani yake ndimo ilimokuwa historia ya ufa. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Alikichukua kipande, akakitazama kwa muda, akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Kwa hiyo: piga picha kwanza, kila upande, ukiweka rula pembeni. Andika kipande kilitoka wapi na kilielekea wapi. Kifunge kwenye karatasi kavu, weka ndani ya mfuko pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu. Kama kina mafuta, kioshe kwa asetoni na brashi laini ya nywele, tena baada ya kuuliza kama mafuta yenyewe ni ushahidi. Brashi ya waya, asidi na grenda visikaribie.

Hatua ya 2: Jua umeshika nini

Chuma cha pua cha kawaida hakihimili kazi hii. Kwenye diski utakuta mara nyingi Inconel 718: nikeli asilimia 50 hadi 55, kromi 17 hadi 21, niobi karibu 5, molibdeni karibu 3, titani na alumini kidogo, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni chuma. Nguvu yake inatokana na vijichembe vya nikeli na niobi vilivyosambaa ndani ya metali kama mchanga ndani ya zege, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa hadubini ya kawaida. Niobi ikipungua mahali, vijichembe hivyo hupungua na mahali pale hulegea. Aloi hii hufanya kazi vizuri hadi kama nyuzi 650 za Selsiasi. Juu ya hapo vijichembe huanza kukua na kugeuka.

Mapanga yaliyo karibu na moto hutengenezwa kwa aloi za kumiminwa, nyingine zikiwa fuwele moja tupu isiyo na mipaka ya punje, yaani ya vijifuwele vinavyounda metali ya kawaida. Diski za injini mpya zaidi hutengenezwa kwa unga wa metali uliobanwa kwenye joto. Uliza mapema ni ipi kati ya hizi tatu, kwa sababu kila njia ina uchafu wake. Kilichofuliwa kutoka kwenye kinoo kina madoa ya kuganda vibaya, kilichomiminwa kina vitundu, na cha unga kina takataka za chombo kilichoyeyushia.

Uliza pia kipande kilikaa sehemu gani ya mashine. Kwenye diski moja, kitovuni mkazo ni mkubwa na joto ni la wastani. Ukingoni kunakoshikwa mapanga joto ni kali na mkazo ni wa namna nyingine. Hizo ni nchi mbili tofauti kwa ufa.

Hatua ya 3: Soma uso kwa macho yako

Kabla ya hadubini, chukua taa ya mkononi, ilaze mwanga ukitokea pembeni, uzungushe kipande polepole. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni alama za ufukweni. Ufa wa uchovu, yaani unaokua kidogo kidogo kwa mkazo unaojirudia, huenda kwa vipindi, na kila mabadiliko ya kazi huacha mstari uliopinda, kama mistari ambayo maji huacha mchangani yanapokupwa. Mistari hiyo hukumbatia chanzo, hivyo ukiifuata kuelekea kwenye duara dogo kabisa unakaribia nyumbani. Cha pili ni miale: michirizi inayotawanyika kutoka kwenye nukta moja kama mbavu za ukuti. Irudishe nyuma, na mahali inapokutana pachore kwenye picha, si kwenye kipande. Cha tatu ni vikuta, yaani vingazi vidogo vilivyosimama pembezoni mwa uso. Vingazi vingi vinasema nyufa nyingi zilianza pamoja zikaungana, na hapo mashaka yako yaelekee zaidi kwenye mkazo uliozidi au uso ulioharibiwa kuliko kwenye doa moja la bahati mbaya.

Halafu rangi, ambayo kwa aloi za joto kali ni saa ya ukutani. Metali iliyofunuliwa kwa hewa moto hupata rangi ya majani makavu, kisha kahawia, zambarau, buluu, hatimaye kijivu cheusi. Sehemu iliyopasuka zamani imekolea. Iliyopasuka siku ya mwisho inang'aa. Ukikuta duara jeupe lisilo na rangi limezungukwa na eneo lenye rangi, shtuka: huenda ufa ulianzia ndani, ukaishi bila hewa hadi ulipofika usoni.

Hatua ya 4: Hadubini

Anza na hadubini ya macho mawili, ukuzaji wa mara 10 hadi 50, ukihakikishe chanzo. Kisha nenda kwenye hadubini ya elektroni. Nina ushauri mmoja ambao wengi huupuuza: piga picha za ukuzaji mdogo kwanza, hatua kwa hatua, hadi ufike. Anayeruka moja kwa moja hadi mara 2,000 hupotea kama mgeni Kariakoo, na baadaye hawezi kumwonyesha mtu picha ile ni ya wapi.

Kwenye chanzo badilisha kipokezi utumie elektroni zinazorudi nyuma. Katika picha hiyo vitu vyenye atomi nzito hung'aa na vyepesi huwa vyeusi. Kipande cha oksidi ya alumini kitaonekana kama shimo jeusi ndani ya metali ya kijivu, na kabaidi ya niobi (niobi iliyoungana na kaboni) itang'aa. Pima elementi kwa miale ya eksirei hapo hapo kwenye chanzo, kisha mbali kidogo, kisha kwenye metali safi, ulinganishe. Kipimo kimoja pekee hakina maana. Kumbuka elektroni zinazoizalisha miale hiyo huingia kama mikromita moja ndani, hivyo chembe nyembamba itakuletea habari za jirani yake pia. Na ukikuta alumini na oksijeni, jiulize kwanza kama kuna mtu alisafisha kipande kwa unga wa kung'arishia, maana unga huo mara nyingi ni oksidi hiyo hiyo. Kila lenye alumini likiitwa uchafu wa tanuri, tutawatia hatiani wayeyushaji wasio na kosa.

Fanya hivyo kwa pande zote mbili za mvunjiko. Chembe inaweza kuwa imebaki upande mmoja na kuacha shimo lake upande wa pili. Pakiwa na shimo pande zote mbili, chembe imedondoka, au kilikuwa kitundu tangu mwanzo: kuta laini za mviringo ni dalili ya gesi, na kuta zenye matuta kama ncha za matawi ni za metali iliyosinyaa ilipoganda.

Hatua ya 5: Ipe kasoro jina lake

Kwa aloi iliyofuliwa, anza na chembe ngumu: kabaidi za niobi, nitridi za titani (titani iliyoungana na nitrojeni) zenye umbo la pembe kali, oksidi zilizovunjwa wakati wa kufua zikapangika mstari. Hizi zipo kila mahali na nyingi hazidhuru. Moja pekee ya mikromita 10 chini ya uso haina ubavu. Msafara wake uliobanana una ubavu.

Doa jeupe ni jambo jingine. Aloi hizi huyeyushwa mara mbili au tatu: kwanza kwenye tanuri la ombwe, yaani lisilo na hewa, mara nyingine chini ya tabaka la takataka yeyushi zinazochuja, na mwisho kwa cheche ya umeme ndani ya ombwe, ambapo nguzo ya metali huyeyuka tone kwa tone juu ya kidimbwi. Katika hatua hii ya mwisho, kipande cha ukoko ulioganda kwenye ukuta, au cha nguzo yenyewe, huweza kudondoka dimbwini na kuzama bila kuyeyuka chote. Ukoko huo una niobi pungufu. Ukitoka pembezoni mwa dimbwi unakuja pia na oksidi na nitridi zilizokuwa zinaelea huko, na hapo unapata doa jeupe chafu. Doa safi hulegeza mahali pale tu, na punje zake huwa kubwa kuliko za jirani. Doa chafu hulegeza na kuweka chembe ngumu katikati ya metali laini, ndiyo maana linaogopwa.

Kulithibitisha, ukishamaliza picha zote, kata kipande kupitia chanzo, kikae kwenye resini, kisugue hadi king'ae kama kioo, kisha kipake mchanganyiko wa Kalling namba 2: kloridi ya shaba, asidi ya haidrokloriki na ethanoli. Fanya ndani ya kabati la kufyonzea hewa, ukivaa glovu na miwani. Doa litabaki jeupe huku jirani yake akiwa mweusi. Pima niobi ndani na nje, uandike tofauti.

Kwenye aloi ya unga kuna kauri kutoka kwenye chungu au mfereji wa kumiminia, kuna gesi ya agoni iliyonaswa ndani ya punje, na kuna mipaka ya zamani ya punje zenyewe iliyofunikwa na oksidi hadi metali ikashindwa kushikana. Julai 2023 RTX, kampuni mama ya Pratt & Whitney, ilitangaza kwamba unga uliotumika kwa diski za injini za PW1100G za Airbus A320neo, kati ya robo ya mwisho ya 2015 na robo ya tatu ya 2021, ulikuwa na uchafu unaoweza kupunguza umri wake. Ndege mamia zikalazimika kushuka kukaguliwa. Uchafu wenyewe unapimwa kwa mikromita.

Kasoro za mikono yetu zisisahaulike: tundu lililotobolewa na keekee butu hadi metali ikaungua, mkwaruzo wa spana, alama ya grenda. Julai 1996 huko Pensacola, ndege ya Delta ilipasukiwa na kitovu cha feni cha titani kwa sababu ya tundu la boliti lililotobolewa vibaya kiwandani, na watu wawili walikufa. Feni ni sehemu ya baridi ya injini, lakini somo la tundu lililotobolewa vibaya ni lile lile kwenye diski ya moto.

Hatua ya 6: Eleza kwa nini ufa ulizaliwa pale

Hapa ndipo ripoti nyingi hudondoka. Huandika "ufa ulianzia kwenye chembe" na kuweka nukta. Chembe ilifanya nini?

Jambo la kwanza ni umbo. Mhandisi Kirsch alionyesha mwaka 1898 kwamba tundu la mviringo kwenye bamba linalovutwa huufanya mkazo ukingoni mwake kuwa mara tatu. Inglis akaonyesha mwaka 1913 kwamba tundu likibonyea na kuwa kama jicho, mkazo hupanda kwa 1 + 2a/b, ambapo a ni nusu ya urefu uliokingama na mvuto na b ni nusu ya upana. Jicho lenye urefu mara tano ya upana wake hukupa mkazo mara 11. Kwa hiyo kitundu cha duara huvumilika kuliko kilichosinyaa na kuchongoka, hata kama ukubwa ni sawa.

Pili, kutooana. Oksidi ya alumini hutanuka kama sehemu 8 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, aloi ya nikeli 13 hadi 14. Metali ikipoa kutoka nyuzi 700, yenyewe husinyaa zaidi na kuikaba chembe, na pembeni mwa chembe inabaki ikivutwa kabla hata injini haijawashwa. Chembe ni ngumu, haikubali kunyumbuka pamoja na jirani yake. Mkazo ukienda na kurudi, ama inapasuka yenyewe ama inabanduka. Ikibanduka, umepata tundu la Kirsch.

Tatu, utelezi. Ndani ya kila punje, tabaka za atomi huteleza juu ya nyingine kama karata. Punje kubwa huruhusu utelezi mrefu, utelezi mrefu hugonga mpaka kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana punje kubwa isiyo na chembe yoyote inaweza kuwa ndiyo kasoro. Kwenye picha utaona uso bapa unaong'aa, ulioinama kama nyuzi 45 dhidi ya mvuto. Ukiona huo usihangaike kutafuta oksidi.

Nne, hewa, ambayo kwa joto kali ni mshiriki kamili. Kabaidi ya niobi iliyo usoni ikikutana na oksijeni kwenye nyuzi 600 na zaidi hugeuka oksidi na kuvimba karibu maradufu, ikipasua metali inayoizunguka. Oksijeni pia hupenya kwenye mipaka ya punje na kuifanya iwe mikavu kama biskuti. Ndiyo sababu, kwa Inconel 718 kwenye nyuzi 650, ukishikilia mkazo wa juu kwa dakika moja au mbili kila mzunguko badala ya kuuachia mara moja, ufa huenda haraka mara kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mara kumi, na huacha kukata punje katikati ukaanza kupita mipakani. Ufa wa ndani hauipati hewa hiyo, kwa hiyo huenda polepole kama ulio kwenye ombwe, hadi siku utakapofungua mlango usoni.

Hapo unapata kanuni ya kutembea nayo, ingawa ina matundu yake: mkazo mkubwa na maisha mafupi, chanzo huwa usoni, mkazo mdogo na maisha marefu, chanzo huhamia ndani kwenye kasoro kubwa kuliko zote. Kupiga uso kwa gololi ndogo ili uwe na mkandamizo huuhamishia ufa ndani pia, lakini mkandamizo huo hulegea joto linapopanda, hivyo usiutegemee kwa kipande kinachokaa kwenye moto.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Njia ya mtafiti Murakami ni rahisi, na kwa kuanzia inatosha. Itazame kasoro kama kivuli chake kwenye ukuta uliokingama na mvuto, pima eneo la kivuli, chukua kipeuo cha pili chake. Kisha tafuta ΔK, yaani nguvu inayousukuma ufa, ambapo Δσ ni kiasi mkazo unavyobadilika:

ΔK = 0.65 × Δσ × √(π × √eneo), kwa kasoro ya usoni
ΔK = 0.5 × Δσ × √(π × √eneo), kwa kasoro ya ndani

Tuseme mkazo unabadilika kwa MPa 600 (megapaskali, kipimo cha mkazo) na kivuli kina √eneo ya mikromita 100, yaani mita 0.0001. Ndani unapata 0.5 × 600 × 0.0177, sawa na 5.3 MPa√m. Usoni unapata 6.9. Kasoro ile ile, kwa kuhamia usoni tu, imepata nguvu ya karibu theluthi zaidi.

Geuza hesabu. Kama jedwali la aloi yako kwa joto hilo linasema ufa hauendi chini ya 8 (hiki ndicho kizingiti), basi kwa mkazo huo kasoro ya usoni huvumiliwa hadi kama mikromita 134, ya ndani hadi 226. Namba 8 ni ya mfano. Tafuta ya aloi yako, joto lako na uwiano wako wa mkazo, yaani wa chini kwa wa juu. Na tahadhari moja kubwa: nyufa fupi sana, za urefu wa punje chache, hutembea hata chini ya kizingiti kilichopimwa kwa nyufa ndefu. Majibu ya hesabu hii yachukue kama makadirio ya fundi mzoefu, kisha weka akiba.

Baada ya hapo, maisha. Kwa sheria ya Paris, da/dN = C × ΔK^m, ambapo da/dN ni urefu ambao ufa huongezeka kila mzunguko na C na m ni namba za aloi, ukichukua m kuwa 3, safari ya ufa kutoka milimita 0.1 hadi 10 hutumia kama asilimia 76 ya mizunguko yake kabla haujafika milimita 1. Robo tatu ya maisha imekwisha na hakuna jicho lililouona. Ukianza na kasoro ya milimita 0.05 badala ya 0.1, maisha hayo ya ufa huongezeka kwa asilimia kama 46. Namba hii mpelekee mhasibu anayeuliza kwa nini mnalipia unga uliochujwa kwa chekeche laini zaidi.

Mzunguko hapa maana yake si diski kuzunguka mara moja. Ni injini kuwashwa, kupandishwa hadi nguvu ya kuruka, kisha kuzimwa. Kwa mtambo wa umeme unaowashwa jioni tu wakati wa mahitaji makubwa, kila siku ni mzunguko. Unaokaa umewaka miezi una mizunguko michache lakini joto refu. Mitambo miwili pacha, yenye saa sawa za kazi, inaweza kuwa na umri tofauti kabisa.

Hatua ya 8: Kwa nini ukaguzi haukuiona?

Rangi inayopenya na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno huonyesha nyufa zilizofunguka usoni tu. Ufa wa ndani hauijui rangi hiyo. Ultrasaundi huona ndani, ila husikia mwangwi pale sauti inapokutana na kitu tofauti: kitundu kinaita, oksidi iliyobanduka inaita, doa jeupe lisilo na mpasuko halisemi karibu chochote. Kwa diski ya O'Hare, NTSB iliona kwamba huenda kasoro isingegundulika kwa vipimo vya wakati wa utengenezaji wala vya karakana, ikapendekeza diski za namna hiyo zikaguliwe chini ya uso zikiwa tayari zimeshatumika.

Kuna pia kosa la binadamu. Kwenye ajali ya ndege ya Sioux City, Marekani, Julai 1989, diski ya feni ya titani yenye kasoro ngumu ya nitrojeni kutoka tanurini ilikuwa imepita ukaguzi wa rangi mizunguko 760 kabla ya kupasuka. Wachunguzi walikadiria kwamba siku ya ukaguzi ule ufa ulikuwa tayari na urefu wa kama milimita 13 usoni. Watu 112 walikufa. Kwa hiyo ukiandika "ilikaguliwa", andika pia nani, kwa njia gani, na kwamba sehemu ile hasa ilifikiwa au la.

Hatua ya 9: Rudi tanurini, na uhesabu walio nje

Kasoro ikishapata jina, omba kumbukumbu za kinoo: namba ya myeyusho, chati ya umeme na ombwe wakati wa kuyeyusha. Mtikisiko kwenye chati unaweza kuoanishwa na kimo cha kinoo, na kimo na diski iliyokatwa hapo. Kisha swali zito kuliko yote: ndugu zake wako wapi? Kinoo kimoja huzaa diski nyingi, na zilizobaki ziko kwenye injini za watu.

Usidanganywe na vipimo vya vijiti vidogo vya maabara. Kijiti kina ujazo mdogo, hivyo uwezekano wa kubeba kasoro kubwa ni mdogo. Diski ya kilo nyingi inabeba. Chukua sampuli kadhaa zenye eneo sawa, katika kila moja rekodi kasoro kubwa kuliko zote, zipange kwenye karatasi ya takwimu za vilele, ya kukadiria kilicho kikubwa kuliko vyote, kisha nyoosha mstari hadi ujazo wa diski nzima. Kasoro utakayoisoma hapo ndiyo ya kuipeleka kwenye hesabu ya hatua ya 7.

Hatua ya 10: Andika

Ripoti iwe na picha inayoanza na kipande kizima na kuishia kwenye chanzo bila kuruka. √Eneo na kina chake kutoka usoni. Vipimo vya elementi vya sehemu tatu. Mkazo na joto la mahali pale, sio la mashine kwa ujumla. ΔK na kizingiti ulichotumia. Na orodha ya vipande vya myeyusho ule ule vilivyo kazini. Tenga ulichokiona na unachokidhania, kila kimoja kwenye aya yake. Kipande chenyewe kirudishe kwenye karatasi kavu na kifuko chake, uandike jina lako juu, kwa sababu kuna mtu atakuja kukiomba tena.